Mtambo wa Serikali au Zabuni: Bei Halisi ya Ukurasa Iko Wapi?

Taasisi ya umma nchini Kenya inayotaka kuchapisha ripoti yake ya mwaka ina njia tatu. Inaweza kutumia mashine zake yenyewe, kuipeleka kazi kwa Mpigachapa wa Serikali pale Haile Selassie Avenue, Nairobi, au kutangaza zabuni ili kampuni binafsi zishindane. Anayetetea kuchapa ndani huweka bei ya kampuni kando ya gharama ya karatasi na wino, akaona tofauti kubwa, akaridhika.

Ulinganisho huo hauna haki. Ankara ya kampuni imebeba kila kitu: mshahara wa fundi, kodi ya jengo, umeme, uchakavu wa mtambo na faida ya mwenyewe. Upande wa ofisi, fundi analipwa kutoka fungu la mishahara, mashine ilinunuliwa kwa fedha za maendeleo miaka iliyopita, umeme umo katika bili ya jengo zima, na rimu zilizoharibiwa kwa kuchapwa vibaya hazihesabiwi popote. Gharama ipo, ila imetawanywa katika mafungu mengi kiasi kwamba hakuna afisa mmoja anayeiona yote.

Kuna pia suala la idadi ya nakala. Katika uchapaji wa ofseti, kutengeneza pleti (mabamba yenye sura ya kurasa zitakazochapwa) na kuutayarisha mtambo hugharimu kiasi kilekile, ziwe nakala 200 au 10,000. Tuseme maandalizi ni shilingi 20,000. Kwa nakala 200, kila moja imeshabeba shilingi 100 kabla ya karatasi. Kwa nakala 10,000, imebeba shilingi mbili tu. Mashine ya dijitali haina mzigo huo wa mwanzo, lakini bei ya kila ukurasa haishuki kwa sababu umeongeza nakala. Kwa hiyo idara inayonunua mtambo mkubwa wa ofseti kisha ikaupa kazi ya vijitabu mia mia inajiumiza, na inayotumia printa ya ofisini kutoa maelfu ya fomu inajiumiza vilevile. Mtambo uliolala nao una gharama, maana fundi hulipwa na chuma huchakaa hata pasipo kazi.

Hata hivyo, wanaotaka serikali iwe na mtambo wake wana hoja nzito, na historia iko upande wao. Marekani ilifungua ofisi yake ya uchapaji mwaka 1861 baada ya miaka mingi ya kuzigawa kazi za Bunge kwa wachapaji wenye uhusiano na vyama vya siasa, kwa bei za kutisha. Sisi tuna kisa cha karibu zaidi. Mwaka 2014 mahakama mjini London iliitia hatiani kampuni ya Smith & Ouzman pamoja na wakurugenzi wake wawili kwa kuwahonga maafisa ili ipate kazi za uchapaji, zikiwemo za tume ya uchaguzi na baraza la mitihani la Kenya. Katika barua pepe zilizofikishwa mahakamani, hongo iliitwa "kuku". Sehemu ya fedha zilizotaifishwa ilirudi Kenya kwa sura ya magari ya wagonjwa. Nasema hivi kwa uchungu: karatasi ambayo mwananchi anaitumia kumchagua kiongozi, na ile ambayo mtoto wake anafanyia mtihani, ziligeuzwa biashara ya mlungula. Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wenye tija kwa gharama. Zabuni peke yake haileti hayo yote.

Lakini mtambo wa umma nao una ugonjwa wake, yaani foleni. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo asili yake ni mwaka 1899, huchapwa na Mpigachapa wa Serikali na hutoka kila Ijumaa. Ibara ya 199 inasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe humo. Kaunti ziko 47, na mlango ni mmoja. Bunge la kaunti linapopitisha sheria ya fedha, kila wiki ya kusubiri ni mapato yasiyokusanywa, na hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za uchapaji ingawa imetokana nao.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Ofisi yake ya uchapaji, iliyoanzishwa 1786, ilibinafsishwa mwaka 1996, lakini dola haikuachilia mamlaka juu ya uchapishaji wa sheria. Mtambo uliuzwa, usimamizi ukabaki. Naona hapo pana mwelekeo unaotufaa: sheria, mitihani na nyaraka za siri zibaki chini ya mkono wa serikali, ripoti, kalenda na mabango yashindaniwe. Karatasi yenyewe, hata hivyo, itaendelea kutusumbua kwa njia zote mbili. Tangu kiwanda cha Pan Paper cha Webuye kisimame mwaka 2009, sehemu kubwa ya karatasi nyeupe tunaiagiza nje, na shilingi ikidhoofika kila mchapaji hupandisha bei, awe wa umma au wa binafsi kwenye maduka ya River Road, Nairobi.

Swali lisiloulizwa vya kutosha ni kama kazi yenyewe inahitaji kuchapwa. Mwishoni mwa 2015 serikali ya Tanzania ilizuia kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kuchapwa kwa fedha za umma, na sijui ofisi iliyokwama kwa kukosa kadi. Gazeti Rasmi sasa husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Nakala za karatasi bado zinahitajika kwa mahakama, maktaba na maeneo yasiyo na mtandao, lakini ripoti yenye rangi kila ukurasa na jalada gumu, inayogawiwa wageni wa mkutano na kuachwa vitini, haina utetezi.

Ningependa Hazina ianze na agizo moja: kila taasisi yenye mashine zake ieleze katika hesabu zake za mwaka imechapa kurasa ngapi, na kila ukurasa umegharimu kiasi gani ukijumlisha mishahara, matengenezo, uchakavu na kurasa zilizotupwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akiipata takwimu hiyo, ataweza kuiweka kando ya bei za zabuni, na taasisi chache huenda zikauza mitambo yao huku nyingine zikiongezewa.