Timu ya 1951 iliyoshinda mechi zote, kisha ikafutwa

Novemba 1951, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco ilimaliza msimu ikiwa imeshuka uwanjani mara tisa na kushinda mara tisa. Haikupita muda mrefu chuo kikatangaza kwamba timu hiyo haipo tena. Wasiouzoea mchezo huu, ndio ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na vyuo vikuu vya Marekani huutegemea kwa jina na kwa mapato.

Simulizi inayopendwa kuhusu kifo cha timu hiyo ni hii. Waandaaji wa Orange Bowl, mechi ya mwaliko iliyokuwa ikichezwa Miami wakati wa Mwaka Mpya, walikuwa tayari kuialika San Francisco kwa sharti moja: waje bila wachezaji wao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Timu ikakataa. Mwaliko ukaenda kwa wengine, fedha za mwaliko zikakosekana, na timu ikafa kwa sababu ya msimamo wake.

Nusu ya kwanza ya simulizi hii naiamini. Nusu ya pili siiamini, na sioni kama ni jambo dogo, maana kila nusu ina watu wake wa kuwajibika.

Tuanze na mwaliko. Maelezo ya upande wa waandaaji yalikuwa kwamba San Francisco ilicheza na timu dhaifu. Hoja hiyo ina kitu ndani yake. Kati ya zile mechi tisa, mbili zilikuwa dhidi ya timu za kambi za jeshi, na San Jose State ilichezwa mara mbili. Shirika la habari la Associated Press, katika orodha yake ya mwisho ya msimu, liliiweka timu hii nafasi ya 14, si ya kwanza wala ya tano. Mtu wa Miami anayetaka kuuza tiketi angeweza kuuliza kwa haki kabisa: hawa ni akina nani?

Lakini hoja hiyo inagota kwenye mechi ya Stockton. Katikati ya Novemba, San Francisco iliichapa College of the Pacific 47 kwa 14, nyumbani kwa Pacific. Pacific hiyo hiyo ndiyo iliyoalikwa Sun Bowl, mechi nyingine ya mwaliko, ikacheza na Texas Tech na kufungwa 25 kwa 14. Aliyepigwa akapata mwaliko, aliyempiga akabaki nyumbani. Ukisema kigezo kilikuwa ubora, nionyeshe hapo ubora ulipimwaje.

Wapo wanaosema pia kwamba waandaaji walikuwa wafungwa wa sheria na desturi za Kusini mwa Marekani, zilizotenganisha weusi na weupe. Sikubali. Januari 1948 Penn State ilikwenda Dallas, Texas, na wachezaji wake wawili weusi, Wally Triplett na Dennis Hoggard, ikacheza Cotton Bowl. Iliwezekana, pale walipotaka. Waliopewa nafasi ya Miami ni Georgia Tech na Baylor, vyuo vya huko huko Kusini. Miaka minne baadaye Georgia Tech ilipangiwa kucheza Sugar Bowl na Pittsburgh, iliyokuwa na mchezaji mweusi, Bobby Grier, na gavana wa Georgia akasimama hadharani kutaka mechi hiyo isichezwe. Ilichezwa. Ila kisa hicho kinaonyesha hewa iliyovutwa huko mwaka 1951. Wachezaji wa San Francisco wenyewe, akiwemo Gino Marchetti, walisimulia hadi uzeeni kwamba sharti lililetwa na kwamba hawakuhitaji kulijadili. Kwangu mimi, neno lao lina uzito kuliko kisingizio cha ratiba.

Sasa tuje kwenye fedha. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Inadaiwa kwamba fedha za Orange Bowl zingeiokoa timu. Kama ni hivyo, tuwatazame majirani. Santa Clara, chuo kingine cha Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, kilicho mwendo mfupi kusini mwa San Francisco, kilialikwa Orange Bowl hiyo hiyo Januari 1950. Kikaenda, kikaishinda Kentucky 21 kwa 13, kikarudi na fedha na sifa. Baada ya msimu wa 1952 kikafuta futiboli. Saint Mary's, ng'ambo ya ghuba, kilicheza Sugar Bowl mwaka 1946. Mwanzoni mwa 1951 nacho kilikuwa kimeshafunga mlango. Vyuo vitatu vya Kikatoliki, eneo moja, ndani ya miaka miwili hivi. Ugonjwa uliovipata haukuwa wa kutibiwa kwa hundi moja.

Chanzo chake hakijifichi. Futiboli inataka kikosi cha watu wengi, na kila mmoja ana ada, chakula, vifaa na nauli za safari ndefu. Vyuo vya serikali vina maelfu ya wanafunzi wa kujaza viti. Chuo kidogo cha mapadre hakina. San Francisco ilichezea Kezar, uwanja wa kuchukua karibu watu 60,000, na tangu 1946 ilipaswa kugawana mashabiki wa mji na timu ya kulipwa ya 49ers, iliyochezea hapo hapo. Uongozi uliotazama hesabu hizo na kusema basi haukuwa umepotoka.

Wanaoupinga uamuzi huo hujibu kwamba sifa za 1951 zingeleta watu getini msimu uliofuata. Sidhani. Matson, Toler na Marchetti walikuwa wanamaliza, na bila wao timu ingeanza upya. Ninachokubaliana nao ni kwamba walioumia hasa ni wale waliobaki. Bob St. Clair, jitu la safu ya mbele, alilazimika kuhamia Tulsa ili acheze mwaka wake wa mwisho. Huyo ni mtu ambaye baadaye aliingia kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya kulipwa, sawa na Matson na Marchetti. Watatu kutoka kikosi kimoja cha chuo!

Upande wa uongozi una hoja nyingine nzito: mpira wa kikapu. Unahitaji watano uwanjani na ukumbi mmoja. Mwaka 1955 na 1956 chuo hicho hicho, kikiwa na Bill Russell na K.C. Jones, kilitwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo. Jina la chuo halikuzikwa pamoja na futiboli.

Ndiyo maana napenda mambo haya mawili yatenganishwe. Tukisema ubaguzi ndio ulioiua timu, ukata wa vyuo vile vitatu hauonekani, na tunawapa wachezaji lawama ambayo si yao, kana kwamba kukataa kwao kuligharimu chuo. Tukisema ni fedha tu, waandaaji wa Miami wanaondoka bila lawama. Timu ilikuwa inakufa tayari. Walichoichukulia ni mechi yake ya kuaga, na hicho hakikurudishwa, hata chuo kilipowapa wachezaji shahada za heshima mwaka 2006, miaka 55 baadaye.

Mechi ya mwisho waliyocheza ilikuwa dhidi ya Loyola, 20 kwa 2, kwenye uwanja wa Rose Bowl, Pasadena. Toler aliumia goti mwaka 1952, hakucheza futiboli ya kulipwa hata siku moja. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule San Francisco, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa. Januari 1980 alipangwa kuchezesha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Ilichezwa Pasadena, kwenye uwanja ule ule.