Siku 14 za Mahakama ya Juu: ni chache, au zinatumiwa vibaya?

Kenya inapoelekea uchaguzi wa 10 Agosti 2027, iko kesi moja, ya kupinga matokeo ya urais, ambayo Mahakama ya Juu haiwezi kuiahirisha hata kwa siku moja. Ibara ya 140 ya Katiba inampa mlalamishi siku 7 baada ya matokeo ya urais kutangazwa, na majaji siku 14 tangu kesi kuwasilishwa. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Mawakili wengi ukiwauliza watakuambia muda huo ni mzaha, uongezwe hadi siku 30.

Wana hoja. Mwaka 2013 upande wa walalamishi ulileta hati ya kiapo ya mamia ya kurasa, ikatupwa nje kwa kuchelewa. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na kura zilizoagizwa kuhesabiwa upya ni za vituo 15. Mashahidi hawapandi kizimbani kuhojiwa; kila kitu ni viapo vya maandishi na mawakili wanaokimbizana na saa. Hata hukumu yenyewe inaweza kusomwa kwa ufupi na sababu kuja baadaye: mwaka 2017 uamuzi ulitolewa 1 Septemba, sababu zikafuata tarehe 20. Uganda, jirani wa karibu, inaipa mahakama yake siku 45.

Lakini hebu tupige hesabu ambayo watetezi wa siku 30 huiruka. Tuseme tume ya uchaguzi inatumia siku zake zote 7 na kutangaza matokeo 17 Agosti 2027, kisha kesi inafika mahakamani siku ya mwisho, 24 Agosti. Kwa sheria ya sasa uamuzi ni 7 Septemba. Ukibatilisha matokeo, uchaguzi wa marudio hauwezi kuvuka siku 60, yaani 6 Novemba. Nao ukipingwa, kama ulivyopingwa ule wa Oktoba 2017, kwa siku zile zile 7, 7 na 14 uamuzi wa pili unaangukia 4 Desemba na kiapo 14 Desemba. Sasa weka 30 mahali pa 14. Uamuzi wa kwanza unasogea hadi 23 Septemba, marudio hadi 22 Novemba, uamuzi wa pili hadi 5 Januari 2028, na rais anaapishwa 18 Januari. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano tangu kura ya kwanza.

Na miezi hiyo nani yuko Ikulu? Ni yule yule aliyekuwepo, ila Ibara ya 134 imemfunga mikono: hawezi kuteua jaji, hawezi kuteua wala kumfuta waziri, hawezi kumteua balozi. Waziri akijiuzulu Septemba, pengo linabaki. Tena huenda rais huyo ndiye anayelalamikiwa. Anaendelea kuamrisha majeshi huku kesi ikivutwa, na wafanyabiashara wamefunga maduka wakisubiri. Ghana ilionja upande wa pili wa shilingi: kesi ya uchaguzi wa Desemba 2012 iliamuliwa 29 Agosti 2013, rais akiwa ameshaapishwa tangu Januari. Kwa wakati huo, kumwondoa ni kuangusha serikali iliyoshakaa kitini.

Halafu kuna jambo ambalo ratiba za kesi zenyewe zinalisema. Mwaka 2013 kesi iliwasilishwa 16 Machi, na amri ya kukagua fomu za matokeo ikatolewa tarehe 25. Mwaka 2017 iliwasilishwa 18 Agosti. Amri ya kufungua sava za tume, yaani kompyuta zinazohifadhi matokeo, tarehe 28. Mwaka 2022 iliwasilishwa 22 Agosti; amri ya ukaguzi, tarehe 30. Ni siku ya 9, ya 10, ya 8. Zaidi ya nusu ya muda huliwa na kupeana hati na kungoja majibu hadi kikao cha maandalizi. Ukaguzi, ambao ndio moyo wa kesi, unaachiwa makombo. Mwaka 2017 tume haikufungua sava kikamilifu, na muda wa kuilazimisha haukuwepo. Mahakama ikabaki kuuhesabu ukaidi huo dhidi ya tume, na matokeo yakabatilishwa kwa majaji 4 dhidi ya 2. Ndani ya siku zile zile 14, tusisahau.

Ukihamisha amri hiyo hadi siku ya 2, msajili wa Mahakama anapata siku sita hadi nane zaidi za kukagua. Mtu atasema huko ni kumruhusu mlalamishi kuvua gizani kabla mlalamikiwa hajasikilizwa. Hofu hiyo ina uzito kwa sava, na ndiyo maana amri iwe ya kusoma kumbukumbu tu, wataalamu wa pande zote wakiwa chumbani. Kwa Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, haina uzito: mwaka 2022 zilikuwa kwenye tovuti ya tume, kila mwenye simu akizipakua.

Tena njia hii ni nyepesi. Kurekebisha Ibara ya 140, hata bila kura ya maoni, kunadai siku 90 kati ya kusomwa kwa mswada mara ya kwanza na ya pili katika kila bunge, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote na ya maseneta wote. Lakini kanuni za kesi za urais, zinazoweza kuisogeza amri hiyo, zinaandikwa na Mahakama ya Juu yenyewe, chini ya Ibara ya 163(8).