Biashara Ndogo na Uchambuzi wa Data wa Pande Nyingi: Je, Lahajedwali Halitoshi?

Programu za uchambuzi ambazo zamani zilikuwa za mabenki na makampuni makubwa sasa hutangazwa hata kwa mwenye duka, kwa ada ya kila mwezi. Ahadi yake inavutia: utayaona mauzo yako kwa pande nyingi kwa mpigo mmoja, bidhaa kwa tawi, tawi kwa mwezi, mwezi kwa aina ya mteja, kisha utazama kutoka jumla ya mwaka hadi kwenye risiti moja. Wanaozitetea husema asiyezitumia anabahatisha tu. Wanaozipinga huona ni gharama ya bure kwa mtu anayeifahamu biashara yake kwa macho. Kwa maoni yangu pande hizi mbili zinapishana kwa sababu zinazungumzia mambo mawili. Wa kwanza wanatetea namna ya kusoma hesabu, wa pili wanapinga kununua chombo, na mtu anaweza kuyakubali yote mawili bila kujipinga.

Nianze na watetezi, maana hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wanavyopenda kukiri. Chukua biashara yenye aina mbili za bidhaa. Mwaka jana aina ya kwanza iliacha faida ghafi ya asilimia 40 ya mauzo yake, ya pili asilimia 10, na aina ya kwanza ilichangia asilimia 80 ya mauzo yote. Faida ghafi ya biashara nzima ilikuwa asilimia 34. Mwaka huu aina ya kwanza imepanda hadi asilimia 42 na ya pili hadi 12, lakini mauzo yamegawanyika nusu kwa nusu. Piga hesabu: jumla ni asilimia 27. Kila bidhaa imefanya vizuri zaidi, na biashara imeporomoka kwa pointi 7.

Mwenye biashara anayesoma mstari wa mwisho peke yake atawabana wasambazaji, atapandisha bei, pengine atamgombeza anayeshughulikia manunuzi, ilhali manunuzi ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa mauzo, na mchanganyiko hauonekani mpaka uigawe jumla kwa bidhaa.

Mfano maarufu wa jambo la jinsi hii unatoka nje ya biashara. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikubali karibu asilimia 44 ya wanaume walioomba kusoma shahada za juu, na asilimia 35 tu ya wanawake. Ilionekana wazi kwamba wanawake wananyimwa nafasi. Takwimu hizo zilipochambuliwa idara kwa idara, katika makala iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 1975, pengo lile kubwa halikuonekana katika idara nyingi, na hesabu iliyozingatia idara iliegemea kidogo upande wa wanawake. Wengi wao walikuwa wameomba idara ambazo ni vigumu kwa yeyote kuingia. Upande mmoja ulioachwa nje ya hesabu uliigeuza habari nzima.

Kwa hiyo ndiyo, kutazama kwa pande zaidi ya mmoja ni lazima, hata kwa biashara ya watu watatu. Ila angalia nilichotumia kuonyesha hivyo: namba chache ambazo zingeenea kwenye kipande cha karatasi. Lahajedwali kama Excel, lenye pivoti (jedwali linalojumlisha data kwa vichwa unavyochagua), hufanya kazi hiyo kwa kuburuta vichwa viwili vya safu. Hoja ya watetezi imethibitisha haja ya kugawa jumla, haijathibitisha haja ya kununua mfumo, na matangazo mengi huruka pengo hilo kimyakimya.

Kurukwa huko kuna historia. Jina la kitaalamu la uchambuzi huu wa pande nyingi, OLAP (kifupi cha Online Analytical Processing), lilienezwa mwaka 1993 na Edgar F. Codd, mtu yuleyule ambaye mwaka 1970 aliweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, yaani zinazopanga data katika majedwali yanayohusiana, akiwa IBM. Alitoa kanuni 12 za jinsi mfumo kama huo unavyopaswa kuwa. Kazi hiyo ililipiwa na kampuni ya Arbor Software, iliyokuwa ikiuza mfumo wa aina hiyohiyo uitwao Essbase. Sisemi kanuni zilikuwa za uongo. Nasema tu kwamba dhana hii imeandamana na muuzaji tangu siku ilipobatizwa.

Enzi hizo palikuwa na sababu ya kiufundi pia. Kompyuta zilichukua muda mrefu kujumlisha, kwa hiyo mfumo ulikokotoa jumla mapema na kuzihifadhi katika kile kinachoitwa mchemraba: pande 5 zina namna 32 za kuunganishwa, na mchemraba uliweza kuwa na jibu la kila namna kabla hujauliza. Leo kompyuta mpakato ya kawaida hujumlisha mistari laki kadhaa kabla hujanyanyua kidole. Excel ya tangu 2007 inapokea mistari 1,048,576 katika lahakazi moja, na hifadhidata ya bure kama DuckDB inamudu mamilioni mengi. Biashara ndogo ikiambiwa inahitaji mchemraba kwa ajili ya kasi, inauziwa dawa ya ugonjwa ambao haina.

Kuna jambo zito zaidi, nalo husemwa mara chache. Udogo wa biashara hubadilisha hesabu yenyewe, achilia mbali bajeti. Tuseme una matawi 5, bidhaa 200, siku 365, njia 4 za malipo na wateja 1,000. Zidisha: mchemraba wako una seli 1,460,000,000, moja kwa kila muungano wa tawi, bidhaa, siku, njia ya malipo na mteja. Sasa tuseme kila tawi linaandika mistari 40 ya mauzo kwa siku. Kwa mwaka ni mistari 73,000. Hata kila mstari ukipata seli yake, ni seli moja kati ya 20,000 yenye kitu ndani. Zilizobaki ni tupu.

Maana yake ni kwamba kila unapozama chini unakutana na namba ndogondogo, na namba ndogo huyumba zenyewe. Bidhaa inayouzika kwa wastani wa mara 10 kwa wiki, wateja wakija bila mpangilio, itapanda au kushuka kwa kama 3 bila sababu yoyote. Wiki yenye mauzo 7 na wiki yenye mauzo 13 zinaweza kuwa biashara ileile. Lakini kwenye skrini, 7 itakuja na mshale mwekundu, na 13 itang'aa kijani. Ukitega tahadhari kwa tofauti ambayo kwa bahati tu ingetokea mara 5 katika 100, bidhaa 200 katika matawi 5 zitakupa tahadhari kama 50 hata kama hakuna kilichobadilika. Kampuni kubwa haisumbuliwi sana na hili kwa kuwa seli zake zina maelfu ya mauzo. Kwa mdogo, chombo chenye uwezo mkubwa wa kuzama kinaweza kumzalishia sababu za kuhangaika kila Jumatatu.

Wapinzani, hata hivyo, wasishangilie mapema. Hoja ya "biashara yangu naijua" ni dhaifu. Mtu hukumbuka vizuri mteja msumbufu na bidhaa iliyogombaniwa. Bidhaa inayolala stoo miezi 8 haimkumbushi mtu chochote.

Tena zipo hali ambazo chombo hustahili fedha zake, na dalili zake hazitegemei ukubwa wa mauzo. Mauzo yako kwenye mfumo mmoja, stoo kwenye mwingine, na mhasibu ana faili lake. Kila mwisho wa mwezi mtu anatumia siku kadhaa kunakili na kubandika. Wasimamizi wawili wanakuja kikaoni na jumla mbili tofauti za mwezi uleule, na kumbe mmoja ametoa bidhaa zilizorudishwa na mwingine hakutoa. Au muuzaji amehama tawi katikati ya mwaka: mauzo yake ya zamani yabaki alikotoka au yamfuate? Lahajedwali mara nyingi huifuta historia hiyo pale mtu anapobadilisha jina la tawi. Mfumo uliopangwa vizuri huhifadhi lini mabadiliko yalitokea na hutumia tafsiri moja ya "mauzo" kwa kila mtu. Hapo ndipo ningenunua, na thamani yake kubwa ingekuwa hiyo tafsiri moja.

Ada ya mwezi, kwa kweli, ndiyo gharama nyepesi kuliko zote. Nzito iko kaunta. Kama theluthi ya mauzo huingizwa chini ya "nyinginezo", hakuna programu itakayoitenganisha baadaye. Kama mteja hasajiliwi, upande wa mteja haupo. Ukiamua kumsajili, foleni inarefuka, na sasa unatunza taarifa binafsi za watu, jambo ambalo nchi nyingi zimelitungia sheria. Swali la kweli ni upande upi wa data unaostahili sekunde za ziada za mtunza fedha. Ukishalijibu, mara nyingi hubaki na pande tatu au nne, na pivoti inazitosha.

Ukiona bado unahitaji mfumo, usikubali kuonyeshwa kwa data ya muuzaji. Data ya maonyesho imejazwa vizuri, kila seli ina kitu, kila mchoro una mteremko unaoeleweka. Omba ipakiwe miezi 12 ya mauzo yako, pamoja na "nyinginezo" zake zote, kisha uliza ni swali gani kati ya yale uliyoshindwa kujibu kwa lahajedwali ambalo sasa limejibiwa. Uliza pia kama utaweza kutoka na data yako yote, na tafsiri zake, siku utakapoacha kulipa.