Mkate wa ngano au tonge la ugali: mzozo uliosahau kitenzi

Kwenye msiba wenye watu wa madhehebu mchanganyiko, Baba Yetu huanza vizuri, sauti moja, halafu inakwaruzana. Upande huu wanasema "ufalme wako ufike", upande ule "ufalme wako uje". Mnasubiriana, mnakimbizana, na mkifika kwenye chakula mnaachana kabisa: Wakatoliki wanaomba "mkate wetu wa kila siku", wenzao waliolelewa na Biblia ya Union wanaomba "riziki yetu". Baadaye wote hukutana kwenye Amina, na kina mama wa jikoni wanatangaza kwamba wali uko tayari.

Waliochagua "riziki" hawakukosea. Myahudi wa karne ya kwanza akitaja mkate alikuwa anataja chakula chenyewe, kama vile kwetu nyumba nyingi mtu aliyekula mihogo ya kukaanga na soda, ugali bado, ataapa kwamba tangu asubuhi hajala. Biblia hiyohiyo ya Union, ikifika Yohana 6, inasema "Mimi ndimi chakula cha uzima" pale ambapo tafsiri nyingine zinasema "mkate wa uzima". Ila usiku ule wa mwisho mezani haikuthubutu. "Yesu alitwaa mkate," inasema, na mkate ukabaki mkate. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Kama neno limeruhusiwa kuvuka, je, kitu chenyewe kinaweza kuvuka? Ekaristi, yaani mkate na divai ya meza ya Bwana, inaweza kuwa ya mtama, ya muhogo, ya mahindi?

Aliyeliuliza kwa uchungu zaidi barani kwetu ni Jean-Marc Ela, padri na mwanasosholojia wa Kamerun, aliyeishi miaka mingi na wakulima wa mtama katika milima ya kaskazini mwa nchi yake. Hoja yake, kwa ufupi: mkulima anaambiwa alete altareni matunda ya ardhi na kazi ya mikono yake, kisha kinachowekwa altareni ni nafaka ambayo hajawahi kuipanda na divai ambayo hawezi kuinunua. Mtama wake, uliomlea yeye na babu zake, unabaki nje ya mlango. Ishara iliyokusudiwa kusema "Mungu ameingia katika maisha yako" inaishia kusema kinyume chake.

Roma haijayumba. Kanuni ya 924 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka mkate uwe wa ngano tupu na uwe umetengenezwa karibuni. Maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004 yakakaza zaidi: mkate wa nafaka nyingine yoyote haufai, na Misa iliyoutumia si halali. Mwaka 2017 ikaja barua nyingine kuhusu wagonjwa wasiovumilia gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike. Hostia, vile vimkate vyembamba vya komunyo, zenye gluteni kidogo zinakubalika, zisizo nayo kabisa hazikubaliki. Na wanaopenda kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wakumbuke aliyetia saini: Kadinali Robert Sarah, mzaliwa wa kijiji cha Guinea. Hata Misa ya Zaire (Kongo-Kinshasa ya leo), iliyoidhinishwa mwaka 1988 ikiwa na wahenga wake na mwendo wa kucheza, mezani iliacha ngano na zabibu palepale.

Nitawatetea kwanza watu wa ngano, maana mara nyingi hoja yao huelezwa vibaya, kana kwamba ni ukaidi tu. Imani ya Kikristo imesimama juu ya mambo yaliyotokea mahali fulani, kwa watu fulani. Yesu alibatizwa Yordani, na hakuna anayedai tuandike Rufiji. Alipotaka kueleza kifo chake alisema: "Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake, bali ikifa, hutoa mazao mengi." Ukiiondoa ngano mezani unakata uzi unaounganisha chembe ile na meza ile. Tena kuna umoja: mtu wa Songea akiingia kanisani Kraków, Kipolandi hakijui, lakini kile kinachoinuliwa altareni anakijua.

Na hii habari ya "chakula chetu cha asili" nayo inachechemea. Mahindi yalitoka Amerika, na jina lake kwa Kiswahili linakiri kabisa kwamba ni mgeni, ingawa limekosea njia aliyopitia. Muhogo nao ni wa hukohuko. Ndizi zilitoka Asia. Kigezo kikiwa ni asili tutabaki na mtama na ulezi, na sijui nani atakwenda Bukoba kuwaambia kwamba ndizi haikupita.

Lakini upande wa ngano nao una nyufa, na kubwa kuliko zote ameiacha mwalimu wao mkuu. Thoma wa Akwino, alipoulizwa kwa nini ngano, hakujibu tu kwamba Bwana aliitumia. Alisema sakramenti hutumia kile ambacho watu hukitumia zaidi kwa kusudi hilo, na kwamba mkate ambao watu hula zaidi ni wa ngano, mingine huliwa ngano ikikosekana. Kwa Italia ya karne ya 13, sawa. Ipeleke sentensi hiyo Njombe uone inakufikisha wapi.

Ongeza kwamba sheria ya Kiyahudi, kama ilivyoandikwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaruhusu mkate wa Pasaka wa nafaka yoyote kati ya tano, shayiri ikiwemo. Ongeza kwamba mikate mitano ya yule mtoto katika Yohana 6, sura inayobeba theolojia yote ya mkate wa uzima, ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini. Na kwa Kiswahili chetu mkate haujawahi kuwa mali ya ngano peke yake. Mkate wa mofa ni wa mtama. Mkate wa kumimina ni wa mchele na tui. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwamba hiyo nayo ni mikate.

Kisha kuna ugomvi wa zamani ambao ungestahili kutufundisha utulivu. Wagiriki na Walatini walipofarakana Konstantinopoli mwaka 1054, mojawapo ya mambo yaliyowasha moto ni chachu. Wagiriki walisema mkate usiochachuka ni mfu, hauna roho ndani yake. Walatini wakajibu kwamba Bwana aliadhimisha Pasaka, na Pasaka haina chachu. Maandiko yalimpa kila mmoja fimbo yake: Mathayo 13 inafananisha ufalme wa mbinguni na chachu, Paulo kwa Wakorintho anaamuru chachu ya kale itolewe. Mwaka 1439, Mtaguso wa Firenze, mkutano mkuu wa Kanisa uliotaka kuwapatanisha, ukatamka kwamba vyote viwili ni halali, mradi ni ngano. Muungano wa pande hizo mbili ulivunjika upesi, lakini tamko lilibaki, na hadi leo Wakatoliki wengi wa mapokeo ya Mashariki, kama ya Kigiriki, wanatumia mkate uliochachuka. Kwa hiyo Kanisa linaweza kubeba mikate miwili bila kupasuka. Kwamba lilisimama kwenye chachu na halikuthubutu kwenye nafaka, huo ni uamuzi. Unaheshimika, ila ni uamuzi.

Wengine husema suluhisho ni kulima ngano yetu, kama ilivyokuwa kwa divai: wamisionari walipanda mizabibu Dodoma, na leo divai ya altare inatoka hapa nchini. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inashushwa bandarini, na vita vya Ukraine mwaka 2022 vilitukumbusha hilo kwa bei ya maandazi. Lakini ngano ya nyumbani nayo ina historia. Mashamba makubwa ya Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu iliyolipendelea shirika. "Matunda ya ardhi na kazi ya wanadamu," husema padri. Ardhi ya nani?

Hayo yote ni kuhusu unga, na mimi nadhani tumeganda kwenye unga. Rudi kwenye kitenzi. "Akaumega", inasema Biblia, na wale wanafunzi wa Emau walimtambua katika kuumega mkate. Sasa jiulize Kiswahili humega nini. Boflo hukatwa kwa kisu. Chapati huchanwa. Kinachomegwa, kwa vidole, kutoka sinia moja, huku mwenzako akimega upande wa pili, ni ugali. Watafsiri hawakuweka ugali mezani pa Bwana, lakini waliazima mkono wa mla ugali.

Na kitenzi hicho ndicho tulichokipoteza. Niliwahi kusimama kwenye chumba cha masista wanapooka hostia. Unga na maji tu, uji mwepesi usio na chumvi wala hamira, unamiminwa kwenye chuma cha moto chenye michoro ya misalaba, chuma kinafungwa, mvuke unapiga mluzi, linatoka karatasi jeupe. Linaachwa lipate unyevu kidogo lisivunjike, kisha linakatwa miduara. Mabaki ya pembeni walipewa watoto waliokuwa wanasubiri mlangoni, na hao walikuwa wanagawana kwa kumega, huku wakigombana. Miduara iliingia kwenye mifuko ikiwa imehesabiwa. Kila mmoja atapata wake, mzima, kama kidonge.

Walokole wasicheke. Vipande vya mraba vilivyokatwa tangu Jumamosi na vikombe vidogo vya plastiki ni ugonjwa uleule. Paulo alipowakemea Wakorintho hakuulizia unga. Alikasirika kwamba "huyu ana njaa, na huyu amelewa" kwenye meza moja.

Msimamo wangu basi: ngano ibaki, lakini wanaoitetea waache kuifanya kana kwamba ilishuka na amri kumi. Kidonda alichokionyesha Ela ni cha kweli, na dawa iliyo karibu hata haihitaji kubadilisha kanuni. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 321, unataka mkate uonekane kweli kuwa ni chakula, na padri aweze kuumega na kuwapa angalau baadhi ya waamini. Hostia ndogo zinaruhusiwa watu wakiwa wengi. Najua parokia zetu Jumapili watu wanafurika hadi nje chini ya miembe, najua hofu ya punje kuanguka sakafuni, na makatekista wataniuliza Misa itaisha saa ngapi. Ni maswali halali.

Alhamisi Kuu moja padri wetu aliitwaa hostia kubwa, ile ya upana wa sahani, akaimega karibu na kipaza sauti. Ule mvunjiko ulisikika hadi mlangoni, mkavu, kama kijiti. Wazee wa benchi la mbele walipata vipande vyenye kingo zilizochongoka, kila kimoja na umbo lake. Bibi mmoja alikitazama chake kidogo kabla ya kula. Sisi wa nyuma tulipanga foleni kama kawaida, tukapokea miduara.