Kompyuta Yangu Ina Pumu

Asubuhi nikitaka kutumia kompyuta ya nyumbani nabonyeza kitufe, naenda kupiga mswaki. Nikirudi, kile kiduara kinazunguka. Naenda kwa mama wa chapati, nakuta foleni, tunajadili bei ya mafuta ya kula mpaka mada inaisha, narudi na chapati zangu nne kwenye gazeti. Kiduara kinazunguka. Nakunywa chai. Nikifika kwenye machicha ya tangawizi chini ya kikombe, ndipo kioo kinaandika "Karibu". Karibu wapi? Nyumba si yangu hii?

Na usidhani hapo ndiyo imewaka. Hapo imefumbua macho tu. Ukigusa kitu inageuka nyeupe, inakwambia programu haijibu. Inanuna kama abiria aliyeamshwa kwenye daladala kumbe alishapitiliza kituo.

Mimi nilishaizoea, na kusema kweli tulikuwa tunaelewana. Mke wangu, Mama Zawadi, ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu, akina mama 32, na tangu Pasaka ananitaka nimchapie daftari la mikopo na marejesho liwe jedwali. Kila akiuliza namjibu, "Si unaona bado inawaka?" Anaona. Anaondoka.

Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nimerudi na jembe kutoka kuzibua mtaro, hata miguu sijanawa, akanipokea mlangoni.

"Baba Zawadi, mtaro wa serikali ya mtaa umezibua. Haya, zibua na ile."

Ile yenyewe ni ya mezani, nyeusi, mtumba wa Ulaya. Niliinunua duka moja Kariakoo, na ubavuni bado ina kibandiko cha namba ya darasa la shule ya huko. Muuzaji aliniapia: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4, diski ya kuhifadhia GB 500. Nafika nyumbani, nafungua, diski inasoma 465. Nikapanda daladala nikarudi Kariakoo kudai GB zangu 35. Yule kijana wala hakushtuka. Akanielimisha kwamba kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo 500 ya kiwandani ikipimwa na kompyuta inakuwa 465, na ndivyo zilivyo zote duniani. Mimi nimekulia kwenye viazi, lumbesa naijua. Ila lumbesa ninayoijua inamwibia mtu shambani. Hii ilinifuata mpaka sebuleni.

Basi nikaketi. Diski C, yaani kipande cha GB 100 ambacho fundi alikikata kwenye ile diski moja, ina mstari mwekundu, imebakiza MB 700, hata GB moja haifiki. Nikasema moyoni, leo kuna mtu atalia.

Nilianza na pipa la taka, kwa sababu pipa ni pipa, halina mjadala. Mafaili 1,126. Nikabonyeza, ikatoa ile sauti ya karatasi inayofinyangwa, roho ikanitulia. Hazikupita dakika kumi akaingia shemeji yangu, mdogo wake Mama Zawadi, ambaye anaishi kwetu "kwa muda" tangu 2021.

"Shemeji, mbona barua zangu za kuomba kazi sizioni?"

"Ulizihifadhi wapi?"

"Kwenye pipa."

"Pipa la taka?"

"Ndiyo. Kule hakuna mtu anayechokonoa."

Jamani. Mtu ana diploma. Nikamuuliza kama na vyeti vyenyewe amevihifadhi kwenye ndoo ya maganda jikoni. Akasusa kuongea na mimi mpaka chakula kilipoiva, hapo hasira zikamwisha.

Nikahamia kwenye vitu vilivyoshushwa mtandaoni. Fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule, ile moja, imeshushwa mara 14, kila moja na namba yake kwenye mabano, kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna anayetafuta kitu kilichopo. Wanashusha kingine. Bando la nani? La baba. Pembeni yake picha zilizomwagwa kutoka kwenye simu ya Mama Zawadi, zaidi ya 2,000, zote maua ya waridi na vikombe vya chai vinavyofuka moshi: "Asubuhi njema, Mungu akufungulie milango." Milango ilifunguka kweli, na uchafu wote ukaingilia hapohapo.

Halafu nikakutana na folda inaitwa Windows.old, GB 19. Hii ni kazi ya fundi wa kwanza. Alipokuja kupiga Windows mpya, ile ya zamani hakuifuta, aliisogeza pembeni tu, akachukua hela yake akaenda. Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa natunza nyumba mbili bila habari. Nikasema nyumba ndogo leo inaondoka. Nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikajibu kwamba ili kubadilisha folda hii, nahitaji ruhusa kutoka kwa Baba Zawadi.

Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna Baba Zawadi mwingine.

Nikajaribu tena. Ruhusa hakuna. Yaani nimejiomba, nimejikatalia, na sababu sikujipa. Zawadi, binti yangu wa kidato cha pili, akapita na bakuli la mihogo akasema, "Baba, hiyo haifutwi hivyo." Akaweka bakuli, akaenda kwenye diski C yenyewe, akafungua usafishaji wa diski, akachagua mafaili ya mfumo, akatia tiki kwenye Windows ya zamani, akachukua mihogo yake akaondoka. Folda iliyonikatalia mimi mwenye nyumba ikafutika kimyakimya kwa mtoto.

Kesi nzito ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Video ya mazishi yake imo mara nne, kila moja GB 4 na ushee, maana ilitoka kwenye DVD na kila mtu aliinakili kivyake. Nikaona hapa niende taratibu. Nikamwita mwenye baba yake.

"Mama Zawadi, hii nabakiza moja."

"Unataka kumfuta baba yangu?"

"Simfuti. Yumo mara nne."

"Huo wa dada, huo wa kaka, huo wa mama, na huo wangu. Unamfuta wa nani?"

"Lakini ni mkanda mmoja. Nimeangalia. Mchungaji anapiga chafya palepale kwenye zote nne."

Alinitazama jicho moja, nikajua ugali wa jioni uko hatarini. Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Zawadi huyo tena, mihogo imeisha. "Baba, kwani diski D ina nini?" Sijawahi kuifungua diski D. Niliogopa ni ya mafundi. Tukafungua: GB 365, zimetumika mbili. Miaka yote hiyo watu tunabanana sebuleni, tunalalia mikeka, kumbe chumba cha wageni kipo, kitupu, kitanda kimetandikwa! Kila mtu anarundika vitu pale mbele kwenye kioo, na vya pale mbele vyote vinalala C.

Tukaanza kumhamisha mzee. Kompyuta ikasema zimebaki dakika 4. Halafu saa 11. Halafu sekunde 20, nikanyanyuka kwenda kunawa miguu, narudi inasema siku moja na saa 3. Dereva wa basi la mkoani akikwambia "tunaondoka sasa hivi" ana ukweli kuliko huo mstari wa kijani.

Wakati tunasubiri, Zawadi akasema apange yaliyobaki kwa ukubwa, kubwa zaidi likae juu. Nikamwambia haina haja, mwanangu, umechoka, kasome. Akapanga. Juu kabisa ikakaa folda imeandikwa "Kazi za Ofisini". GB 23.

Mama Zawadi alikuwa amesimama na mwiko. "Ofisi yenu ina kazi nyingi kweli. Fungua tuone."

Mieleka. Mieleka kuanzia 2006 mpaka 2011, nimeipanga kwa mwaka na kwa uzito wa mkanda, hakuna folda iliyopangwa vizuri kama ile nyumba nzima. Nikasema ni kumbukumbu. Akauliza, kumbukumbu za ofisi gani, huyu mwenye chupi ya kijani ni mhasibu? Shemeji, yule wa pipa, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa masikitiko makubwa, na kwa kuwa mtu aliyetaka kumfuta mkwe hawezi kujitetea, nikaifuta mwenyewe, mwaka kwa mwaka. 2009 niliishikilia kidogo.

Baada ya hapo nikawa sina huruma na chochote. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaenda kuangalia nani wanaamka pamoja na kompyuta asubuhi. Wakazi 17! Kuna programu ya printa tuliyoigawa miaka mitatu iliyopita. Kuna walinzi wa virusi wawili, mmoja kawekwa na fundi, mwingine kawekwa na shemeji, wote geti moja. Kila faili likipita huyu analikagua, yule analikagua, halafu wanakaguana wao kwa wao. Na kuna ile programu ya kuongeza kasi, shemeji aliishusha bure, ambayo kila siku inatangaza kwa herufi nyekundu kwamba imegundua matatizo 1,843 na ukitaka yaondoke utoe dola. Mtu kaja mwenyewe kukufagilia uwanja, hafagii, kakaa kwenye kiti chako, na kila kukicha anakusomea idadi ya majani. Nikamtoa. Na mlinzi mmoja nikamtoa.

Saa kumi na moja jioni diski C ina zaidi ya GB 58 tupu. Mstari umekuwa wa bluu, bluu ya bahari kabisa. Nikaizima, nikaiwasha, nikakunja mikono kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Kiduara. Nikanywa chai. Kiduara.

Jumapili nikampigia kijana wa mtaa wa pili anayetengeneza kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ina virusi hii, sema ukweli."

Hakusema. Aliibeba mpaka barazani, akafungua ubavu, akachomeka blowa. Lililotoka humo si vumbi, ni sufi. Ungejaza mto. Feni ilikuwa imevaa sweta. Na mende mmoja mzee akatoka taratibu, akasimama kwenye kingo, akatutazama kama mpangaji aliyepewa notisi bila barua. "Mzee, hii haina virusi," yule kijana akasema anapangusa macho. "Hii ina pumu."

Akang'oa na kibetri kidogo kama sarafu, CR2032, kile kinachotunza saa ya kompyuta umeme usipokuwepo, akasema kimekufa zamani. Hapo ndipo nikaelewa kitu kilichonitesa mwaka mzima: umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka inasema leo ni Januari 1, 2010, na kila tovuti inakataa kufunguka. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe, kompyuta ikiwa 2010 inaona vyeti vyote havijaanza kazi. Kwa saa yake, Zawadi mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Na mimi nilikuwa nagombana na watu wa bando.

Halafu akagonga diski kwa ncha ya bisibisi. Akaniambia humu ndani kuna sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika na sindano inayokimbia huku na huku kutafuta vipande, kama santuri ya babu, na imezeeka. Kufuta mafaili kunakupa nafasi, kasi hakukupi, labda diski ikiwa imejaa mpaka mdomoni. Dawa ni diski ya SSD, haina kinachozunguka, ya GB 240 inatosha, hii ya zamani ibaki ya kutunzia.

"Ngoja," nikamwambia. "Kwa hiyo nilichofuta jana..."

"Ulifuta nini, mzee?"

"Vitu vya ofisini."

"Ungehamishia tu D. Kule si kuna uwanja?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Mama Zawadi, nyuma ya pazia, hakukaa kimya. Alicheka.

Nikatoa hela niliyokuwa nimeiweka ya viatu. Jumatatu jioni kijana kaleta SSD, kahamisha, kafunga, kaenda. Nikabonyeza kitufe, nikanyanyuka kufuata mswaki kwa mazoea, sijafika mlango wa bafu nikasikia imelia. Nikarudi. Imewaka. Sekunde 15, nimehesabu mara tatu. Nikafungua kikokotoo, kikafunguka. Nikakifunga, kikafungika. Nikaita nyumba nzima waje waone kikokotoo.

Wakaja. Wakaona. Shemeji akapiga makofi. Mama Zawadi alikuja wa mwisho, anafuta mikono kwenye khanga, daftari la kikoba liko kwapani limefungwa na raba bendi, nene kama tofali. Akavuta kiti, akakaa kando yangu, akailaza ile tofali mezani.

"Imeshawaka?"

Nikaangalia kioo nikitafuta kile kiduara. Hakikuwepo.