Ndugu wa Afrika Mashariki, mpaka afike dirisha la karo

Tuanze na hesabu, maanake bila hesabu mada hii ya wakimbizi kusoma vyuo vikuu vya Kenya huishia kelele tupu. UNHCR, lile shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lilijiwekea shabaha kwamba ikifika 2030 vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe wanasoma elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa 3 katika 100, ripoti za miaka iliyofuata zinasema wamefika 7 ama zaidi kidogo. Ukichukua vijana wa dunia nzima kwa jumla ni zaidi ya 40. Kwa hivyo mtu akikwambia ati wakimbizi wanajaza vyuo, muulize ni vyuo gani hivyo.

Lakini sitaki kuwacheka wanaosema hivyo, kwa sababu hapa Mombasa hoja yao ina miguu. Mzazi wa Likoni ama Kisauni ambaye mwanawe amepata C+, alama ya kuingia chuo kikuu, na yuko nyumbani anangojea HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, halafu asikie kuna skolashipu ya mkimbizi inalipa karo, chumba, vitabu na pesa kidogo ya matumizi, huyo lazima aulize mbona sisi hatuoni hiyo. Skolashipu yenyewe inayosemwa sanasana ni DAFI, ilianza 1992, pesa zake nyingi zinatoka kwa serikali ya Ujerumani na si mfuko wa mlipa kodi wa Kenya, na nafasi zake ni chache mno ukilinganisha na wanaoomba. Sawa. Ila mwambie huyo mzazi kwamba pesa ni za Mjerumani, je hilo linamlipia mwanawe karo? Uchungu uko palepale.

Tena vyuo vyenyewe viko taabani. 2025 wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma tangu Septemba mpaka Novemba mwanzo, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa zamani wa mishahara, wanafunzi wakarudi makwao, waliokuwa wamelipa nyumba za kupanga huku Tudor na Bamburi wakawa wanalipia kulala tu. Katika hali hiyo ukisimama useme tufungue mlango zaidi, watu watakuona umetoka sayari nyengine.

Haya, sasa upande wa pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo maanake naona wengi wanaupita mbio.

Wakimbizi walioko Kenya ni zaidi ya 800,000. Wengi wao kabisa wametoka Somalia na Sudan Kusini, halafu Kongo, Ethiopia, Burundi na kadhalika. Sasa angalia ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Yaani ukitoa Ethiopia na wengine wachache, mkimbizi wa Kenya ni raia wa nchi ya jumuiya yetu wenyewe. Na hiyo jumuiya mwaka 2017 wakuu wake walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na moja ya makusudio ni mwanafunzi wa Afrika Mashariki asitozwe karo kama mtu aliyetoka ng'ambo na cheti chake kitambulike akivuka mpaka. Maneno matamu hayo.

Chukua vijana wawili Wasomali. Mmoja babake ana biashara Mogadishu, ana pasipoti, amekuja kwa ndege kusoma udaktari, huyo karatasi zake zinasema ni ndugu wa jumuiya. Wa pili amezaliwa kambi ya wakimbizi ya Ifo kule Dadaab, amesoma mtaala wa Kenya kuanzia chekechea, ana KCSE, yaani cheti cha kumaliza sekondari, Kiswahili chake cha darasani pengine kimezidi changu, lakini hana pasipoti ya Somalia, na hata akiweza kuipata ataogopa, kwa sababu mkimbizi anayeenda kuomba pasipoti ya nchi aliyoikimbia huulizwa kwani wewe unakimbia nini. Huyu wa pili ndiye anayeangukia kwenye safu ya wageni pale kwenye karatasi ya karo. Yule mwenye uwezo analipa bei ya ndugu, asiye na uwezo anatozwa bei ya mgeni. Jamani, hata ukiwa hupendi wakimbizi, hiyo hesabu imekaaje?

Ndio maana nasema mjadala wa skolashipu umetupoteza njia. Skolashipu zitabaki za wachache siku zote, tena tangu Marekani ikate misaada yake 2025 hata mgao wa chakula kambi ya Kakuma ulipunguzwa mpaka watu wakaandamana, sembuse pesa za chuo. Kinachowezekana leo bila kumnyang'anya mtu wa Likoni hata shilingi ni vitu vya karatasi, yaani karo ya kikanda, cheti kutambuliwa, na ruhusa ya kusafiri. Na vyuo vina nafasi, kila mwaka KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, ikigawa wanafunzi utasikia kuna kozi hazikupata hata mwombaji mmoja. Darasa lililokaa tupu likipata wanafunzi watano wanaolipa wenyewe, hata kama wanalipa bei ya Mkenya, mwenyeji amepoteza nini hapo? Hosteli sawa, hosteli ni shida, hilo nakubali.

Watu husema sheria haijaruhusu. Imeruhusu. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliingia 1966, kifungu cha 22 kinasema shule ya msingi mkimbizi atendewe kama raia, na kuanzia hapo kwenda juu atendewe vizuri iwezekanavyo, na kwa vyovyote asiwe chini ya wageni wengine, na kinataja wazi kabisa kutambua vyeti vya nje, kupunguza karo na kutoa ufadhili. Angalia basi walivyoandika kwa ujanja, msingi ni lazima, juu ni kadiri ya moyo wako. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya elimu, haikusema kila raia. Halafu kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, ambao lengo lake ni kambi zigeuke makazi ya kawaida na mkimbizi na mwenyeji watumie huduma zilezile. Kwenye makaratasi tuko vizuri sana sisi.

Shida iko chini huku. Nilikaa saiba moja ya Majengo, duka la intaneti, nikimsaidia kijana kujaza maombi ya chuo ambacho sitakitaja. Jina limeingia, matokeo yameingia, kufika kwenye nambari ya kipande, yaani kitambulisho, fomu inataka tarakimu nane, yake ni namba ndefu yenye herufi, fomu inarudi nyekundu. Tukabonyeza pasipoti, hana. Tukajaribu cheti cha kuzaliwa, haikubali bila kipande cha mzazi. Yule mwenye saiba akasema muingizieni nambari ya mtu yeyote tu muendelee, mtasahihisha mbele. Huo ndio ushauri anaopewa mtu anayetaka kusoma, aanze kwa kudanganya, na siku akigundulika atakuwa ndiye ushahidi kwamba wakimbizi ni watu wa kughushi.

Na pasi ya kutoka kambini. Mkimbizi aliyeandikishwa Kakuma ama Dadaab hawezi kuamka tu apande basi la Mombasa, anahitaji karatasi inayosema anaenda wapi, kwa sababu gani, na anarudi lini. Sasa kwa mgonjwa anayeenda hospitali karatasi kama hiyo unaweza kuielewa, lakini mwanafunzi? Semista ya Kenya nani anajua inaisha lini! Fikiria uko na pasi mpaka mwezi wa kumi, wahadhiri wanagoma wiki saba, mitihani inasukumwa, pasi imekufa, ukirudi kambini kuiomba upya unakosa mtihani, ukibaki ni mkosaji wa kushikwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mgomo uleule uliomuumiza Mkenya ukimkuta mkimbizi unamuumiza mara mbili.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Wapemba walioishi Kwale, Kilifi na Mombasa miaka na miaka, wavuvi tunaowajua kwa majina, hawakutambuliwa kuwa raia mpaka 2023. Wamakonde, nao waliokuwa hawana uraia, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi 2016 ndio wakasikilizwa. Mtoto wa Kipemba aliyefaulu kabla ya hapo hakukosa akili, alikosa kipande, na bila kipande hakuna HELB, hakuna akaunti, hakuna kitu. Na hata sisi wenye vipande tulivipata baada ya kuulizwa babu wa babu kazaliwa wapi. Kwa hivyo nikisikia mtu wa Mji wa Kale anasema wakimbizi wajipange, huwa namwangalia tu.

Wala wakimbizi si hadithi ya kaskazini kwa mbali. Siad Barre alipoanguka Januari 1991 walikuja hapa hapa kwa majahazi, Utange palikuwa na kambi, Swaleh Nguru palikuwa na kambi, Benadir palikuwa na kambi, Wabarawa wakafika na lugha yao ambayo ukiitegea sikio unaisikia ni dada wa Kiswahili. Kambi zikafungwa miaka ileile ya 90, wengi wakapelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakasambaa mitaani. Na hiyo TUM ya Tudor, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, tunayojivunia ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama MIOME, chuo cha ufundi cha vijana Waislamu wa Afrika Mashariki yote, Zanzibar, Tanganyika, Uganda, na Sultani wa Zanzibar ni mmoja wa waliotoa pesa. Chuo cha kanda nzima kilikuwa hapa kabla ya hiyo jumuiya kuwa na bendera.

Kuna hoja ya usalama, siwezi kuiruka kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wameuawa, wengi wanafunzi. Baada ya hapo serikali ikataka Dadaab ifungwe, mahakama kuu ikazuia 2017. Hofu ile ni ya kweli na mzazi aliyempoteza mtoto pale hana haja ya kusikia somo kutoka kwangu. Ila mmoja wa washambuliaji wale alikuwa Mkenya, amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Kukagua watu ni kazi ya serikali na ifanyike, lakini ukaguzi wa kadi ya ukimbizi haukumzuia yule na haungemzuia.

Halafu wapo wanaosema basi suluhisho ni kuwapelekea chuo kulekule kambini, mtandaoni. Hapa mimi niko katikati. BHER, mradi wa vyuo vya Kenya na Kanada, ilianza Dadaab 2013, Kenyatta na Moi kwa upande wetu, York na British Columbia kwa upande wa Kanada, wakafunza walimu waliokuwa kazini tayari, wakachukua wakimbizi na wenyeji pamoja, jambo ambalo lilipunguza zile chuki nilizozitaja juu. Kazi nzuri. Walimu wakapata vyeti, diploma, wengine digrii. Lakini wanawake walikuwa wachache, na si ajabu, msichana wa kambini hutolewa shule mapema kuliko kakake, chuo kikimfikia ameshaolewa na kuni zinamngoja. Na digrii ile ukishaipata? Wengi waliendelea kufundisha palepale kwa malipo yale wanayoyaita insentivu, kipato kidogo kuliko cha mwalimu Mkenya wa darasa la jirani, somo lilelile, chaki ileile. Chuo cha kambini kikiwa ni ngazi ya kuanzia, naunga mkono. Kikiwa ni njia ya kuhakikisha hawatoki, hapana, hicho ni kizuizi chenye maktaba.

Na hapo ndipo ninapoachana na wanaharakati wanaotaka HELB ifunguliwe kwa wakimbizi leo. Naelewa moyo wao. Lakini HELB ni mkopo, unakatwa kwenye mshahara na mwajiri, na mkimbizi ili aajiriwe anahitaji kibali cha kazi, kile cha daraja la M, ambacho ni bure kwa maandishi na ni cha kutafuta kwa tochi kwa vitendo. Ukimkopesha mtu ambaye umemzuia kufanya kazi umempa deni, tena umempa mzazi wa Likoni sababu nzuri ya kukasirika pindi wenye madeni wasiolipa wanapohesabiwa na majina ya wakimbizi yakawa juu. Kibali cha kazi kije kwanza, mkopo ufuate. Kwa sasa TUM, Chuo Kikuu cha Pwani na vyuo vingine vinaweza kumhamisha mkimbizi mwenye KCSE kutoka safu ya wageni kwenda safu ya Afrika Mashariki, na kuongeza kwenye fomu sehemu ya nambari ya mkimbizi. Hilo halihitaji mfadhili wala bunge, ni kikao cha seneti cha asubuhi moja na kijana wa IT wa kubadilisha fomu.