Kombe la bega likivunjika: lipasuliwe au liachwe?

Kombe la bega halivunjiki ovyo. Limelazwa juu ya mbavu na kufunikwa na misuli mbele na nyuma, ndiyo maana halifiki hata asilimia 1 ya mivunjiko yote ya mifupa. Likivunjika, ujue kishindo kilikuwa kikubwa: bodaboda iliyogongwa kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, au mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Wengi huja pia na mbavu zilizovunjika, pafu lililochubuka au kutoboka, au mishipa ya fahamu ya mkono iliyovutwa. Hayo hutibiwa kwanza.

Zamu ya bega ikifika, madaktari wa mifupa hugawanyika.

Wanaotaka liachwe wana hoja nzito. Misuli inayolifunika huleta damu nyingi, kwa hiyo kombe hushikana lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 6. Mkono huning'inizwa kwa kitambaa wiki 2 au 3, huku mgonjwa akianza mapema kuinama na kuuacha ubembee taratibu ili bega lisikakamae. Likishikana limepinda kidogo, kazi nyingi bado zinafanyika. Kwa mvunjiko wa katikati ya kombe naona wako sawa kabisa: hapo mfupa ni mwembamba hata mwanga hupenya, skrubu haina cha kushika.

Wanaotaka upasuaji hutazama vipimo. Ufa ukiingia kwenye kiungio na kuacha ngazi, yaani kipande kimoja kikiwa juu kuliko kingine, ya milimita 4 au 5, gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungioni) husagika kila mkono unapoinuliwa. Hutazama pia vipande vilivyoachana kwa milimita 20 au zaidi, kombe lililokunjika kwa nyuzi 45, na pembe ya shingo ya kombe (sehemu nyembamba iliyo nyuma ya kiungio), ambayo kwa kawaida ni nyuzi 30 hadi 45, ikishuka chini ya 22. Mtulinga ukivunjika pamoja na shingo hiyo, bega zima hukosa mhimili. Lakini mipaka hii haijakubaliwa na wote. Wako wanaosubiri ngazi ifike milimita 10, na ushahidi mwingi umetokana na makundi madogo ya wagonjwa.

Upasuaji wenyewe si mwepesi. Kwa kawaida huingiliwa mgongoni, katikati ya misuli miwili midogo inayozungusha bega kwa nje. Pleti nyembamba ya metali hukazwa kwa skrubu kwenye ukingo wa upande wa kwapa, ambako mfupa ni mnene. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya mwinuko wa kombe ukivutwa sana, nguvu ya kuzungusha mkono kwa nje hupungua. Skrubu ikiwa ndefu na kuchungulia ndani ya kiungio, itakwangua gegedu lile lile lililokusudiwa kuokolewa. Kuna pia usaha na kukakamaa.

Kwa maoni yangu, ngazi kwenye kiungio ipasuliwe. Kwingineko liachwe, isipokuwa vipimo viwili vimevuka mpaka kwa pamoja. Uamuzi huo unahitaji picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka), kwa kuwa eksirei ya kifua hupitwa na nyufa nyingi za kombe. Unahitaji pia haraka: baada ya wiki 3 mfupa mpya umeshagandisha vipande pabaya, na kuvirudisha ni kuvunja upya. Anayetoka kisiwani Lamu ana boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Garsen, kwa hiyo rufaa iandikwe wiki ya kwanza, bega likiwa halijachuliwa na mtu. Kuchua vipande vilivyolegea huvisogeza zaidi.

Vijana wa kazi za sulubu huomba pleti wakitumaini kurudi kazini upesi. Waelezwe kabla ya kutia sahihi: pleti huruhusu mkono kusogezwa tangu siku za mwanzo, lakini kubeba gunia au kukwea mnazi bado husubiri takriban wiki 12.